Kuku wa Ijumaa: Kumfuata Ina Garten Hadi Jikoni Kwako

Kipindi cha upishi cha nusu saa hakiwezi kumwivisha kuku anayehitaji saa moja na nusu ndani ya oveni. Jambo hilo liko wazi, lakini mtazamaji hulisahau mara tu Ina Garten, mpishi wa televisheni wa Marekani, anapomwingiza kuku wake mbichi katika oveni, akafuta mikono, akatoka kwenda kuchuma maua, na aliporudi akatoa kuku wa rangi ya dhahabu huku mgeni akiwa mlangoni. Aliyeketi sebuleni huona kazi ya dakika chache. Akienda kuijaribu nyumbani kwake, wageni humkuta bado amefunga kanga kiunoni, macho yanamtoka machozi kwa moshi, na kuku hajaiva kwenye maungo ya paja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukitumia kipindi cha aina hiyo bila kufikwa na hayo. Nimechagua cha Garten kwa sababu mapishi yake, tofauti na ya watu mashuhuri wengi wanaopika mbele ya kamera, hupimwa vizuri: ukifuata vipimo, chakula hutoka kama kilivyoonekana.

Garten hakusomea upishi. Kabla ya kuwa na jina alifanya kazi Ikulu ya Marekani, katika ofisi ya bajeti, akishughulikia makadirio ya fedha za nishati ya nyuklia. Mwaka 1978 alinunua duka dogo la vyakula huko Westhampton Beach, mji wa pwani katika jimbo la New York, ambalo tayari lilikuwa likiitwa Barefoot Contessa, akaliendesha hadi alipoliuza mwaka 1996. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1999, na kipindi chake cha televisheni kikaanza mwaka 2002 kupitia Food Network, kikirekodiwa kwake East Hampton. Nayataja haya kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mtu aliyetoka katika bajeti huandika mapishi kama bajeti. Inafahamika kwamba hulirudia pishi mara nyingi, kisha humpa msaidizi karatasi apike mwenyewe huku yeye akimtazama, ili aone ni neno gani linalompoteza mpishi. Kwa hiyo mara ya kwanza usibadilishe chochote isipokuwa pale ambapo soko la kwenu linakulazimisha.

Kitazame kipindi mara mbili. Mara ya kwanza kitazame kwa raha yako, kwa kuwa nyumba ni nzuri na mama mwenyewe ana ucheshi. Mara ya pili shika kalamu, lakini usiandike viungo, maana hivyo vimechapwa na vinapatikana. Andika yale ambayo karatasi haiyasemi: vitunguu vimekatwa vinene kiasi gani, mafuta yanalia vipi anapotia nyama, rojo la keki linamiminika au linadondoka. Na kila picha inapokatika, jiulize ni dakika ngapi zimemezwa hapo. Vibakuli vilivyopangwa mezani, karoti zikiwa zimekwisha kumenywa na limau limekwisha kukatwa, ni kazi ya mikono ambayo wewe hukuiona lakini utaifanya mwenyewe. Mimi huandika pembeni mwa kila hatua dakika ninazokadiria, kisha nazizidisha kwa moja na nusu, na hadi leo sijawahi kujikuta nimekadiria muda mrefu mno.

Baada ya hapo chagua pishi moja, lisizidi moja, ambalo hujawahi kulipika. Garten mwenyewe ana msemo wake unaojulikana, kwamba cha dukani kinafaa, na ni ushauri bora kuliko watu wanavyoudhania. Ukimpika kuku wake, wali upike kama unavyoupika siku zote, chapati mwagize jirani anayezijua, na achari ya embe itoke katika chupa. Mgeni hatauliza kila kitu kimetoka wapi. Anayeamua kupika kwa siku moja mapishi manne aliyoyaona kwenye runinga hufanya mitihani minne kwa wakati mmoja, tena akiwa amejitakia.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu tunapoharibikiwa. Kikombe cha Kimarekani ni mililita 240, wala si kikombe chochote cha chai kilichopo kabatini. Pima maji mililita 240 katika chombo chenye alama, uyatie kwenye vikombe vyako hadi upate kinacholingana, kisha kiweke hicho kiwe cha kupimia. Kijiko cha chakula ni mililita 15 na cha chai ni mililita 5. Ratili moja ni karibu gramu 454, na kile kipande cha siagi ambacho Wamarekani hukihesabu kimoja kimoja kina gramu 113, yaani pungufu kidogo ya nusu ya pakiti ya gramu 250. Joto lao ni la farenihaiti: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Kwa hiyo 350 yao ni kama 177 zetu, 400 ni 204, na 425 ya kuku ni 218, ambayo kwenye kitufe cha oveni utaiita 220. Oveni yenye feni ipunguzie nyuzi 20.

Kuna pia chumvi. Chumvi anayotumia Garten ni ya chembe kubwa, nyepesi, ambayo kijiko kimoja cha chai kina uzito wa takriban gramu 3. Kijiko hichohicho cha chumvi yetu laini ya mezani kina karibu gramu 6. Maana yake ni kwamba ukiifuata karatasi yake neno kwa neno kwa chumvi ya pakiti ya kawaida, umetia chumvi maradufu. Mimi sikulijua hilo mara ya kwanza. Niliwakaribisha watu wa nyumbani, kuku akatoka amependeza, ngozi inalia chini ya kisu, na shangazi yangu ndiye aliyeanza kuonja. Alitafuna polepole, akanywa maji bilauri nzima, akaomba nyingine, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kuku huyu mlimchinja au mlimvua?" Tangu siku hiyo chumvi ya Kimarekani naikata nusu, na hata nusu hiyo naitia baada ya kufikiri.

Kuku wenyewe ndio pishi linalostahili kuanziwa. Ni yule ambaye Garten amekuwa akimwokea mumewe, Jeffrey, siku za Ijumaa anaporudi nyumbani kutoka kazini, na kwa miaka mingi kipindi kilikuwa kikimrudia bila kuchoka. Kwa maandishi yake anahitaji kuku wa ratili tano hadi sita, yaani kilo 2.3 hadi 2.7, fungu kubwa la thaimu, limau moja lililokatwa nusu, kichwa kizima cha kitunguu saumu kilichokatwa kati kwa upana, vijiko viwili vya chakula vya siagi iliyoyeyushwa, kitunguu kikubwa kimoja, karoti nne, shina nene la shamari, mafuta ya zeituni, chumvi na pilipili manga. Joto ni 220, muda ni saa moja na nusu.

Kuku wa kilo mbili na nusu si rahisi kumpata katika masoko yetu. Kuku wa kisasa anayeuzwa mara nyingi ana kilo 1.2 hadi 1.5 baada ya kusafishwa, na ukimwacha saa moja na nusu katika nyuzi 220 kidari chake kitakuwa kikavu kama ubao. Chukua wawili wa kilo 1.3, uwalaze katika trei moja pana bila kugusana, na uwahesabie saa moja na robo; mmoja peke yake huiva kwa dakika 55 hadi 65. Wakibanana hawachomeki, huchemka kwa mvuke wao wenyewe, na ngozi hubaki nyeupe. Kuku wa kienyeji usimtumie hapa. Nasema hivyo kwa masikitiko, kwa kuwa ladha yake inawashinda hao wengine wote, lakini misuli yake ilikwisha kukimbia sana, na joto kali la muda mfupi humkaza badala ya kumlainisha. Mwache awe wa mchuzi wa nazi. Shamari ya shina ikikosekana, ongeza kitunguu cha pili. Thaimu ikikosekana, vijiti viwili vya rozimeri vinatosha, wala visizidi, kwa kuwa harufu yake ina ubabe.

Kazi inayoamua ngozi itoke vipi hufanyika kabla ya moto. Mkaushe kuku kwa karatasi au kitambaa safi, nje na ndani, chini ya mabawa na katika mikunjo ya mapaja, hadi karatasi itoke kavu. Maji yanayobaki juu ya ngozi lazima yageuke mvuke kwanza kabla ngozi haijaanza kubadilika rangi, nazo dakika hizo ndizo zinazokikausha kidari. Ukiweza, mtie chumvi usiku wa jana yake na umwache kwenye friji bila kumfunika. Siku yenyewe, mtie pilipili manga na chumvi kidogo tumboni, ujaze thaimu, limau na kitunguu saumu, mpake siagi juu, mfunge miguu kwa uzi wa pamba, na mabawa uyakunje chini ya mwili yasiungue. Kitunguu, karoti na shamari vichanganye na mafuta, chumvi na pilipili, uvitandaze katika trei, kisha mlaze kuku juu yake kidari kikitazama juu. Mboga hizo hazikuwekwa kwa urembo. Mafuta yanayodondoka huangukia kwenye unyevu wake, hayaungui, na hivyo oveni haitoi moshi; ukiziruka, jikoni kutajaa moshi ndani ya nusu saa.

Usiifungue oveni kila mara kuchungulia. Dakika kumi kabla ya muda kwisha, choma kisu kati ya paja na kiuno: maji yakitoka meupe, ameiva, yakiwa na wekundu, mrudishe. Mwenye kipimajoto akichome katika sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, na kikisoma nyuzi 74 au zaidi, kazi imekwisha. Kisha mtoe, umfunike kwa foili bila kumbana, na umwache dakika 20. Watu wengi huipuuza hatua hii kwa kuwa harufu imekwisha kuwatesa, lakini kuku anayekatwa papo hapo humwaga maji yake yote juu ya ubao, na kinachobaki katika nyama ni nyuzi tu.

Katika dakika hizo 20 tengeneza mchuzi. Ziopoe mboga uziweke kwenye sahani ya kupakulia, uinamishe trei na uyachote mafuta yaliyoelea, ukibakiza kama vijiko viwili. Nyunyizia kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano, ukoroge juu ya moto mdogo hadi unga upoteze ubichi, kisha umimine kikombe kimoja cha supu ya kuku yenye moto huku ukikwangua yale yaliyoganda chini ya trei, maana utamu umejificha humo. Trei nyembamba ya bati usiiweke juu ya moto; hamishia kila kitu kwenye kikaango. Chemsha dakika tano, onja, ukamulie tone la limau.

Kwa atakayetaka kitu kitamu, keki ya chokoleti ya Garten inayoitwa ya Beatty haihitaji mashine, na inafaa kuokwa siku moja kabla. Changanya unga wa ngano gramu 220, sukari gramu 400, unga wa kakao gramu 70, vijiko viwili vya chai vya bekingi soda, kimoja cha bekingi pauda na nusu kijiko cha chumvi yetu laini. Katika chombo kingine changanya maziwa ya mtindi mililita 240 (mtindi mzito uzimue kwa maji kidogo hadi umiminike), mafuta ya kupikia mililita 120, mayai mawili makubwa na kijiko cha chai cha vanila. Unganisha vyote viwili, na mwisho utie mililita 240 za kahawa chungu, ya moto, iliyochujwa. Rojo litakuwa jepesi kama uji wa mgonjwa, nawe utadhani umekosea; hujakosea. Ligawe katika vyombo viwili vya sentimita 20 vilivyopakwa siagi na unga, uoke kwa nyuzi 175 kwa dakika 35 hadi 40. Kahawa haitasikika kama kahawa. Kazi yake ni kuizidishia kakao nguvu. Krimu yake ya juu ina siagi nyingi na kiini kibichi cha yai, na katika joto la pwani nimeiacha kabisa. Sukari laini iliyochekechwa juu inatosha. Asiye na oveni anaweza kuipalia keki hii kwa mkaa, moto mchache chini na mwingi juu ya mfuniko, kama wanavyofanya wapishi wetu wa mikate. Kuku huyu hapaliki: huiva, lakini hutoka ngozi imelowa.

Linalofuata ni ratiba, na kwa maoni yangu ndiyo siri nzima ya wanaokaribisha wageni kwa utulivu. Iandike kwa kuanzia saa ya kula, ukirudi nyuma. Tuseme chakula ni saa moja na nusu usiku. Kuku atoke saa moja na dakika kumi, ili apumzike. Kwa kuwa ni wawili na wanahitaji saa moja na robo, waingie saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Oveni iwashwe saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa oveni nyingi za nyumbani huchukua zaidi ya dakika 20 kufika nyuzi 220, hata kama taa yake inadai imefika mapema. Kuku watoke kwenye friji saa kumi na moja na robo, na mboga ziwe zimekatwa kabla ya hapo. Wali uinjikwe saa moja kasoro robo. Meza, vijiko, bilauri na maji ya kunawa viwe tayari kabla ya adhuhuri, na keki iwe imeokwa jana. Na mbele ya saa kumi na mbili na robo andika neno hili: kuoga. Usicheke. Kuku wako katika oveni, hawahitaji kutazamwa, na usipoiandika saa hiyo hutaipata. Umeme ukikatika na oveni yako ni ya umeme, wakatwe kuku vipande, waingie katika sufuria ya gesi pamoja na mboga zilezile, na limau likamuliwe mwishoni. Hawatakuwa kuku wa kipindi, lakini wageni watakula saa moja na nusu.

Kuna jambo moja ambalo meza za East Hampton hazitufundishi. Kule mgeni hualikwa kwa idadi, na sahani sita hutosha watu sita. Kwetu, ukimwalika shemeji, huja na mdogo wake aliyefika jana kutoka mkoani, na ni haki yake. Ukialika sita, pikia tisa. Kuku wawili waliokatwa vipande vidogo juu ya sinia la wali, mboga zimezungushwa pembeni na mchuzi katika bakuli lake, huwatosha tisa bila mtu kuona uchache. Kuku haohao wakipelekwa mezani wazima na kukatwa mbele ya wageni, kama afanyavyo Garten, huhesabika mapaja manne, na kila mmoja anajua nani alilikosa. Kata jikoni: kwanza mapaja, ukayatenganishe na miguu, kisha vidari uvitoe vizima kwenye mfupa na uvikate kwa upana vipande vinene vya kidole, kila kimoja kikiwa na ngozi yake.

Wageni wakiondoka, usiitupe mifupa. Itie katika sufuria pamoja na kitunguu kimoja, karoti iliyobaki na lita mbili za maji, uiache ichemke taratibu kwa saa mbili, uichuje, uigawe katika vyombo vya kikombe kimoja kimoja na uigandishe. Hiyo ndiyo supu utakayokwangulia trei Ijumaa utakayompika tena.